Nondo ya Nyuma: Kinga za Mizigo za Likasi

Kinga, yaani baiskeli, ya kukunja haikuundwa kwa ajili ya Likasi, mji wetu huku Kongo. Magurudumu yake ni ya inchi 20, bomba la kiti ni refu kuliko mkono wangu, na katikati ya fremu kuna bawaba ya kuikunjia iingie ndani ya buti ya gari huko Ulaya. Lakini mama mmoja muuza mikate wa mtaa wa Panda aliletewa moja na mwanawe anayekaa Ubelgiji, akaja nayo kibandani kwangu mtaa wa Kikula. “Papa,” akaniambia, “uniwekee remorke nyuma, kichwa kimechoka kubeba beseni.” Remorke ni mkokoteni unaovutwa na kinga, na kazi hiyo nimeifanya. Aliponiuliza nilijifunzia wapi, nilimjibu kwa habari za mji huu, kwa sababu ufundi wangu ulitoka kwenye karakana za shaba kabla ya kufika kando ya barabara.

Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliundwa 1906, na mji ukakua juu ya shaba yake. Wabelgiji waliuita Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot. Jina la Likasi likarudi 1966. Enzi za Union Minière mzigo ulikuwa wa reli. Madini, magunia ya unga wa posho, makaa ya mawe, vyote vilikwenda kwa behewa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliwapokea wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, na franga zilipobaki baada ya matumizi, mwanamume alitamani vitu viwili: cherehani kwa ajili ya mkewe na kinga kwa ajili yake. Kinga ile ilikuwa ya heshima. Ilitiwa mafuta Jumamosi, Jumapili ikaenda kanisani. Mzee wangu, fundi mitambo wa kiwanda cha Shituru, hakukubali hata mara moja gunia lifungwe juu ya Raleigh yake.

Mambo yaligeuka taratibu, halafu ghafla. Vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela 1975, njia yetu ya kwenda baharini. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji haukufika tani 50,000. Kati ya miaka hiyo, 1992 na 1993, ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa hapa kwetu. Maelfu walilala stesheni ya Likasi wakingoja treni ya kuwarudisha kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Miongoni mwao walikuwamo waendesha treni, mafundi wa tanuri, mafundi wa kuchomelea. Ninalisema hili bila kuzunguka: mji ulijikata mikono yake wenyewe. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondoka kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Mmoja wao, mzee aliyekuwa amechomelea mabomba maisha yake yote, alifungua kibanda chini ya mwembe hapa Kikula, akanishika mkono nikiwa kijana. Wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa makala, wale wanaoleta mkaa mjini.

Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako karibu nasi kwenye mto Lufira, lakini umeme wake ulikusudiwa viwanda, na nyumba nyingi zinapika kwa mbabula, jiko la makala. Makala yanachomwa mbali kwenye misitu ya miyombo, na kila mwaka umbali unaongezeka. Anayeyaleta mjini haendeshi kinga, anaisukuma. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani ili aushike akiwa pembeni ya mzigo, nyingine husimama nyuma ya kiti ili asukume kwa mwili wote. Pedali na cheni hutolewa, maana zinamgonga mguuni. Sisi mafundi tunaongeza nondo mbili kutoka ekseli ya nyuma hadi chini ya kiti, nondo nyingine sambamba na uma wa mbele, na spoki za pikipiki mahali pa zile nyembamba. Kwenye mteremko breki ni kipande cha tairi kinachokandamizwa na kisigino. Mzigo unaweza kupita kilo 200.

Nilishangaa kusikia kwamba Wavietnamu walifanya hivyohivyo 1954, wakisukuma Peugeot zenye fimbo kwenye usukani kupeleka chakula na risasi kwenye mapigano ya Dien Bien Phu. Hakuna aliyewafundisha watu wa makala habari hiyo. Goma wana chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, Kisangani wana toleka, waendesha kinga wanaobeba abiria. Kila mji wa Kongo ulipokosa magari ulitazama ulicho nacho. Sisi tulikuwa na chuma na watu wanaokijua.

Kwa hiyo, remorke ya mama. Wengi huifunga kwenye bomba la kiti. Kwa kinga ya kukunja hilo ni kosa: bomba ni refu, na mzigo ukivuta juu vile, gurudumu la mbele linakuwa jepesi penye mlima na bawaba inalegea. Mimi nilifunga chini, kwenye ekseli, upande wa kushoto, kwa bati la milimita 5 lililobanwa na nati ndefu. Kiungo ni kipande cha mpira wa bomba la presha chenye bolti kila upande, kwa sababu kinga lazima ilale kwenye kona bila remorke kulala nayo. Nikaongeza ukanda wa tyubu, ili bolti ikikatika mikate isitangulie barabarani. Magurudumu yanatoka kwenye kinga za watoto. Mwisho wa mzigo ni kilo 40, nami nimemwandikia kwa rangi ubavuni, maana remorke haina breki na mitaa yetu ina miteremko.

Siku hizi pikipiki za Kichina na za Kihindi zinawanyang'anya watu wa makala kazi, na nafurahi kwa ajili ya migongo yao. Vijana wawili ninaowafundisha wanachomelea zaidi keria za pikipiki. Nimewaambia wiki hii waache hizo kwanza: mama amerudi, anataka mguu wa kusimamishia remorke anapouza, na majirani zake wawili wameagiza za kwao.