Ngano, maharage na bakteria wa udongo: anachopaswa kujua mfanyabiashara

KIGALI – Katika migahawa ya Biryogo, chapati na maharage huliwa sahani moja. Shambani, gharama za mazao hayo mawili hazilingani. Maharage, soya na karanga huishi na bakteria waitwao rizobia, wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Ngano haina ushirika huo. Hutegemea udongo, samadi au urea, na urea hufika Rwanda kwa malori kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Pakiti ya rizobia ya gramu 100 hutosha mbegu za kilo 10 hivi. Kwa msafirishaji, tofauti ya uzito ni kubwa.

Jinsi majaribio yanavyofanyika

Mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ulianza mwaka 2009 katika nchi nane, zikiwemo Rwanda, Kenya na Kongo. Kwa kawaida shamba hugawanywa vitalu vinne: kisichowekwa kitu, chenye bakteria, chenye fosforasi, na chenye vyote viwili. Aina za mbegu hulinganishwa kwa namna hiyo hiyo. Mtaalamu hung'oa mmea na kupasua vinundu vya mizizi: vikiwa vyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi.

Aina ya mbegu ina uzito wake. Soya za TGx, zilizozalishwa na taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, hupokea bakteria wengi wa asili ya Afrika. Aina nyingine huhitaji bakteria maalumu. Kwa maharage faida huyumba zaidi, kwa kuwa mara nyingi udongo tayari una bakteria wake. Tena, pasipo fosforasi ya kutosha, bakteria peke yao hawafiki mbali.

Kwa upande wa ngano, Brazil imetumia bakteria wa Azospirillum kibiashara tangu 2009. Husaidia mizizi kukua, lakini hawaondoi haja ya mbolea.

Mzigo wenye uhai

Rizobia za Biofix hutengenezwa na kampuni ya MEA ya Kenya kwa utaalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Anayesafirisha bidhaa za aina hii azingatie yafuatayo:

- Zikae kivulini, mahali pa baridi. Joto la lori lililosimama mpakani juani huua bakteria, na pakiti haionyeshi dalili yoyote.
- Tarehe ya mwisho isomwe kabla ya kununua.
- Rizobia za soya haziuzwi kwa mkulima wa maharage. Kila zao lina bakteria wake.
- Kibali cha kuingiza viumbe hai kiulizwe kwa mamlaka ya kilimo kabla ya kupakia.

Mkulima aliyeuziwa bakteria waliokufa hujua wiki kadhaa baadaye, msimu ukiwa umeshapita. Hapo muuzaji hupoteza mteja, na mkulima hupoteza mavuno.