Beleshi la Dhahabu

Machi 2020, korona ilipofunga vyuo, nilirudi nyumbani Kabianga na laptopu iliyovunjika bawaba moja. Wenzangu walikuwa wametawanyika: mmoja Eldoret, mmoja Litein, mmoja Rongai. Wa nne, kaka yake yule wa Eldoret, alikuwa mlinzi Doha, na ndiye aliyekuwa na pesa. Yeye ndiye aliyelipia seva ya Minecraft.

Kama hujawahi kuicheza: unaamka uwanjani mikono mitupu. Kila kitu ni bloku za mraba, udongo, mawe, miti, hata ng'ombe. Unavunja bloku, unaibeba, unaipanga kwingine. Hakuna anayekwambia ufanye nini. Msweden Markus Persson aliitoa kwa umma kwa mara ya kwanza Mei 2009, mwaka uleule ambao nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa na intaneti yetu ikaacha kutegemea setilaiti. Mwaka huohuo Kabianga ilipata chuo kikuu kishiriki chini ya Moi, ambacho mwaka 2013 kilipewa hati yake. Mambo haya matatu hayakujuana. Mimi ndimi niliyekutana nayo yote kwenye meza moja ya mbao, jikoni kwa kogo, kwa sababu huko ndiko simu ilikoshika mtandao vizuri.

Dunia ya gemu hii huzaliwa kutokana na namba moja tu, ambayo wachezaji huiita mbegu. Ukiweka mbegu ileile, unapata milima na mito ileile. Lakini ardhi haitengenezwi yote kwa mara moja. Inachorwa mbele yako unapotembea. Bonde usilolifikia bado halipo, na likichorwa, linakuwepo kwa sababu wewe umefika. Na eneo lote linalowezekana ni bloku milioni 60 kwa milioni 60, kila bloku mita moja. Piga hesabu utapata karibu mara saba ya uso wa dunia hii yetu. Unaambiwa tembea, jenga, ardhi haiishi.

Tuligombana juu ya ardhi siku ya tatu.

Yule wa Rongai alivunja ukuta wa msee wa Eldoret ili achukue mawe. Eldoret akachoma nyumba ya Rongai. Ikabidi kaka wa Doha aweke programu ya ziada inayotumika katika seva nyingi, ya kulinda mali. Unashika beleshi la dhahabu, unagusa kona moja ya uwanja, unatembea, unagusa kona ya pili, basi. Eneo ni lako. Mwingine akijaribu kuvunja hata jani, programu inamwambia kwamba mahali hapa ni pa fulani na hana ruhusa.

Ukubwa wa eneo unaoweza kudai unategemea saa unazokaa mtandaoni. Tuliiacha programu ilivyokuja: kila saa inakupa bloku 100 za kudai. Mimi nilikuwa na bando la siku na stima za hapa, ambazo mvua ikigusa waya zinaenda. Kaka wa Doha alikuwa na waifai ya bure kwenye kambi ya wafanyakazi na usiku mrefu usio na la kufanya. Kufikia Mei alikuwa na pwani nzima. Sisi tulikuwa tunaomba njia ya kupita.

Nami nilipata changu. Kuvuka mto nilikuta kijiji. Minecraft ina vijiji vyake, na watu wake: wenye pua ndefu, mikono imekunjwa kifuani, wanaolima karoti, wanaolala vitandani jua likizama. Hawana lugha. Wanaguna tu. Kila mchezaji mzoefu anajua la kufanya ukikuta kijiji, na video za kufundisha ziko tele: wafungie kila mmoja kwenye chumba cha bloku moja, mpe meza ya kazi, ufanye naye biashara bila yeye kuzurura. Mkulima ananunua karoti zako kwa zumaridi. Mkutubi anakuuzia vitabu vya uchawi. Niligusa kona mbili kwa beleshi, nikawafungia wote kumi na mmoja mstarini, nikachoma vitanda vyao, na pale zilipokuwa nyumba nikajenga ghala la mawe ambalo mpaka leo naona ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye skrini.

Kogo alikuwa anachemsha maziwa. Aliinama akaangalia skrini, akauliza ni nini. Nikamweleza kwa Kipsigis changu cha shule ya bweni: hapa ni shamba langu, hii ni stoo, hawa ni wafanyakazi.

"Walikuwa wanakaa wapi kabla hujafika?"

"Hapohapo, kogo."

"Mliwauliza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea na maziwa yake.

Kogo alichuna chai ya kampuni tangu msichana hadi magoti yakakataa. Aliishi kwenye nyumba za laini, zile zilizopangwa safu kwa safu, mlango ukitazama mlango. Hapa Kabianga chai unayoiona karibu na nyumba nyingi ni ya wakulima wadogo, kwa hivyo mtu anaweza kukua akidhani ilikuwa hivyo siku zote. Haikuwa hivyo. Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake hadi miaka ya 1950, na mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ni ya 1964. Chai ya kwanza ilikuwa ya makampuni, na ardhi ya makampuni ina hadithi ambayo shuleni tuliipita kwa aya moja.

Aya hiyo ningeiandika hivi. Mwanzoni mwa karne iliyopita Waingereza walilitazama eneo hili la Wakipsigis, waliowaita Walumbwa, na mahali ambapo hawakuona nyumba na ua waliona pori. Ng'ombe waliokuwa wanahamishwa kufuata majani hawakuhesabiwa kuwa matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1915 ikafanya hata ardhi wanayokaa Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Kisha mwaka 1919, Vita Kuu ilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 hapa Kericho kwa ajili ya maofisa wa jeshi waliorudi vitani na majeraha. Wazo lilikuwa walime kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo. Bei ya kitani ikaanguka karibu mara tu walipopanda, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikawa njia ya kuingilia ya Brooke Bond na James Finlay. Chai ikapandwa. Wakipsigis wengine wakabaki kwenye ardhi yao wenyewe kama maskwota, wengine wakasukumwa kwenye rizavu, na vibarua wakaletwa kutoka mbali.

Ukitaka kuona ramani inavyoweza kufuta watu, soma kuhusu ukoo wa Talai. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa, kwa kuwa viongozi wao wa kiroho walionekana tishio, na watu zaidi ya 700 wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, mbung'o na malaria. Sheria nzima kwa ajili ya ukoo mmoja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuelewa.

Najua unachowaza. Gemu ni gemu, wale wenye pua ndefu ni hesabu tu za kompyuta, na mimi si gavana wa mtu. Kweli kabisa, na sidai kwamba Minecraft inafundisha ukoloni. Kinachonisumbua ni kidogo kuliko hapo. Nilizaliwa kilomita chache kutoka ardhi iliyoitwa tupu, nikalelewa na mwanamke aliyeishi kwenye safu za laini, na nilipopewa dunia nzima nifanye nipendavyo, nilichora mstari, nikaweka watu kwenye safu, nikaita kazi nzuri. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifuata video.

Si lazima gemu itumike hivyo, na mfano mmoja uko hapa Kenya. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao yake makuu Gigiri, lilishirikiana na Mojang, kampuni iliyotengeneza Minecraft, kuanzisha mradi wa Block by Block. Kibera ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa. Eneo halisi linajengwa ndani ya gemu, kisha wakazi wanakaa kwenye kompyuta, wengi hawajawahi kushika panya, na wanaonyesha wanachotaka: taa hapa, mtaro hapa, watoto wasicheze karibu na barabara. Ramani ya mpangaji miji huhitaji mtu aliyeisomea. Bloku hazihitaji. Kijana na mama muuza mboga wanaweza kubishana juu ya ukuta uleule na wote wawili wakauona. Mradi ulienda nchi nyingi baada ya hapo. Siwezi kukwambia kila uwanja uliochorwa ulijengwa kama ulivyochorwa, mambo ya serikali na wafadhili tunayajua. Lakini swali la kogo liliulizwa, tena kabla ya beleshi kushikwa.

Nirudi kwetu. Juni, mtu aliingia usiku akabomoa nusu ya ghala langu. Mpaka leo nashuku Rongai. Nililalamika kwenye grupu la WhatsApp, kaka wa Doha akasema tulia. Seva yake ilikuwa na programu nyingine inayoandika kila kitu: nani alivunja bloku gani, wapi, sekunde gani. Akaandika amri moja na ghala likarudi, jiwe juu ya jiwe, kama lilivyokuwa Alhamisi. Kogo alikuwepo. Nilimwonyesha kwa furaha, hapa palikuwa pamebomolewa, sasa tazama.

"Inarudisha mpaka lini?"

Nikamwambia, mpaka siku ile programu ilipowekwa. Yaliyotokea kabla ya hapo hayakuandikwa.

"Ehe," akasema.

Agosti 2022 Watalai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg. Ng'ambo ya ule mto wetu wa kweli mashamba yameshabadilisha wenyewe, Brooke Bond wakawa Unilever, na Unilever nao wakauza. Kila mauzo yanaandikwa. Hati za kuanzia siku ile ya mwanzo zipo pia, makavazini Nairobi na London, ila ziliandikwa na walioshika beleshi. Upande wa pili uko kwa watu kama kogo, ambaye anakumbuka alichosimuliwa na baba yake: mti gani, kijito gani, ng'ombe walinywea wapi. Nimeanza kumrekodi kwenye simu. Anachoka haraka, na akichoka anadai habari zote nimeshazisikia.

Vyuo vilifunguliwa Januari 2021 na seva ikafa taratibu, hakuna aliyeitangazia kifo. Kaka wa Doha alitutumia faili la dunia yetu kabla hajaacha kulipa. Ninalo kwenye laptopu, ambayo sasa haina bawaba hata moja. Juzi nikalifungua, peke yangu.

Walikuwepo wote kumi na mmoja, kila mmoja kwenye chumba chake. Nikavunja kuta. Walitoka, wakazunguka uwanjani, na jua lilipozama walianza kukimbia huku na huko, kwa sababu ndivyo walivyotengenezwa: usiku kila mmoja hutafuta kitanda, na vitanda nilishavichoma mwenyewe. Nikatengeneza vitanda kumi na kimoja haraka. Nikavipanga nje, kando ya ukuta wa ghala. Ghala lenyewe sikulivunja.