Nyumba ya kampuni, ukuta wa baba

Mtoto aliyekulia Kapata, kitongoji cha wafanyakazi wa mgodi kilicho kilomita kama 10 kusini-magharibi mwa Kolwezi, alijua mapema kwamba nyumba wanayolala si ya baba. Ni ya kampuni. Kampuni ndiyo iliyoijenga, ndiyo iliyotoa posho ya unga, ndiyo iliyoendesha shule na hospitali, na kazi ikiisha, nyumba nayo inadaiwa. Alichoweza baba kukiita chake bila kuomba ruhusa ya mtu ni kile alichokitundika ukutani.

Kwa hiyo anayetaka kujua watu wa ukanda wa shaba wa Katanga, Kongo, walipenda kuhifadhi nini asianzie kwenye maduka ya vitu vya kale. Aanzie sebuleni.

Sebule yenyewe ilichelewa kuja. Kampuni hiyo, Union Minière du Haut-Katanga, ilipoanzishwa mwaka 1906, na kwa miaka mingi baadaye, ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi, wakaishi kambini bila wake zao, muda ukiisha wakarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hesabu ilibadilika. Kutafuta watu wapya kila mara kuliigharimu kampuni, na maradhi yaliwamaliza wale waliokuwapo. Wakuu wake wakaamua mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba, azae papo hapo. Wake wakafundishwa kushona na kutunza nyumba kwenye vituo vya jamii. Familia iliyo na watoto na wageni wa Jumapili inahitaji mahali pa kuwakalisha, na mahali hapo panahitaji cha kutazamwa: baiskeli iliyofutwa vumbi, gramafoni, cherehani, picha ya harusi kwenye fremu. Vikwembe vizuri vya mama vilikaa kwenye sanduku, vikitoka siku ya sikukuu tu.

Michoro ya rangi ilikuwapo pia, ila si kwa ajili yao. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na humo wakatokea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Ndege, samaki na nyoka wao ni kazi nzuri ajabu. Lakini walionunua walikuwa Wazungu, na michoro hiyo ilikwenda kupamba nyumba ambazo mfanyakazi wa mgodi aliingia kwa mlango wa jikoni.

Picha za wafanyakazi wenyewe zilistawi baada ya uhuru, zikafikia kilele miaka ya 1970, wakati Katanga ilipokuwa imepewa jina la Shaba na Union Minière, iliyotaifishwa mwaka 1967, imekuwa Gécamines. Mshahara ulikuwa bado unatoka. Wachoraji, wengi wao vijana waliojifunza wenyewe, walichukua mifuko ya unga iliyokwisha kazi, wakaifumua, wakaikaza kwenye fremu ya mbao, wakaipaka rangi ya chini, kisha wakachora. Kazi ikikauka, ilibebwa kwapani na kutembezwa mlango kwa mlango, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Bei ilikuwa ya mtu wa kawaida. Mnunuzi hakuwa mkusanyaji. Alikuwa karani, fundi au mwalimu aliyetaka kitu cha ukumbusho nyumbani kwake.

Alichagua nini? Kwanza Mamba Muntu, mwanamke nusu mtu nusu samaki, ngozi nyeupe, nywele ndefu, mara nyingi na saa mkononi, nyoka akimzunguka. Huyo hutoa utajiri kwa anayejua kutunza siri, na hulipisha. Haishangazi kwamba alipendwa mahali ambapo kila mtu aliona utajiri ukitoka chini ya ardhi usiku na mchana bila kujua unaishia kwa nani.

Picha ya pili ndiyo iliyowatatiza wageni. Iliitwa Colonie belge. Mfungwa wa nguo za mistari amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika ameinua kiboko, afisa Mbelgiji amesimama kando na kiko chake, bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya gereza. Pembeni wanawake wamewaletea wafungwa chakula. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Likasi aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, aliichora mara nyingi na kuiandika miaka, 1885–1959. Mtu mwenye akili timamu atatundika vipi picha ya viboko juu ya meza anayolia ugali?

Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliofanya utafiti Lubumbashi miaka hiyo, waliliuliza swali hilo, na jibu walilolipata linaniridhisha hadi leo. Picha ile ilikuwa ya kuzungumziwa. Mgeni akikaa, mwenyeji humwonyesha, na hadithi inaanza: babu aliyepigwa, kodi, kazi ya lazima. Na kwa kuwa enzi ya Mobutu haikuruhusu kila jambo kusemwa waziwazi, askari wa zamani mwenye kiboko aliweza kusimama badala ya askari wa sasa. Hakuna ofisa ambaye angemkamata mtu kwa kumsema vibaya Mbelgiji.

Tshibumba alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia ya nchi nzima kwa picha 101, tangu mababu hadi siku zilizokuwa bado hazijafika, na akazieleza moja baada ya moja kwa Kiswahili cha Katanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Picha zake zipo, lakini ziko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023. Mkusanyo mkubwa wa mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, wenye picha karibu 2,000, uko Tervuren, karibu na Brussels. Sioni sababu ya kuwalaumu waliozinunua, maana walilipa na wakatunza. Ila ni kichekesho kwamba picha iliyochorwa ili ining'inie Likasi leo inahitaji viza kwenda kuitazama.

Zilizobaki nyumbani zilipatwa na nini? Kolwezi haikuwa mahali pa kutunza vitu. Mei 1978 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC walivuka mpaka na kuuteka mji. Tarehe 19 wanajeshi wa Légion étrangère wa Ufaransa wakashuka kwa miamvuli. Nyumba ziliporwa, watu wakakimbilia porini na walichovaa. Mwaka 1992 na 1993 wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala kwa majuma kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Friji halipandi treni hiyo. Kikwembe kinapanda, picha ya harusi inapanda, turubai lililong'olewa kwenye fremu na kukunjwa linapanda.

Halafu ikaja njaa, na njaa ilimaliza vitu kuliko vita. Gécamines iliyotoa tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986 ilikuwa imeshuka hadi kama 30,000 mwaka 1994. Mishahara ilikaa miezi bila kutoka. Cherehani ikauzwa, redio ikauzwa, viti vikafuata. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliwaita watu hawa, katika kichwa cha kitabu chake cha 2001, watoto wa shaba waliotelekezwa na baba yao. Mwaka huohuo mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulitoa kitabu kiitwacho Ukumbusho, kilichokusanya picha, vitu na maneno ya wakazi. Naye Mamba Muntu, aliyenusurika na yote hayo, alikuja kuondolewa ukutani na wahubiri wa makanisa ya uamsho waliomwona kuwa ni shetani.

Watu wa nje wanapoitaja Katanga kwenye minada hawafikirii hata kimoja kati ya vitu hivi. Wanafikiria msalaba wa shaba. Nauelewa mvuto wake: kipande kizito chenye mikono minne inayokaribia kulingana, upande mmoja umekwaruzika kwa mchanga wa kalibu. Kwenye makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu kuanzia 1957, misalaba ya awali iliwekwa kifuani mwa marehemu. Karne kadhaa baadaye ikawa midogo, mingi, imefungwa mafungu karibu na mikono na nyonga, jambo linaloonyesha kwamba sasa ilikuwa fedha. Dola ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe iliitia kwenye bendera yake na kwenye sarafu za 1961, zenye msalaba upande mmoja na ndizi upande mwingine. Dola hiyo iliishia Kolwezi, Januari 1963. Sarafu zake sasa hutafutwa na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya, pengine kwa hamu kuliko ilivyotafutwa dola yenyewe.

Siku hizi Kapata watu wanaosha mawe ya kobalti kando ya Ziwa Malo, na anayepata pesa hununua bango la karatasi lililochapwa China: ghorofa la vioo, maporomoko ya maji, bustani isiyo na mtu. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliyaweka mabango hayo sambamba na picha za machimbo katika mfululizo wake uitwao Kolwezi. Wapo wanaoyadharau. Mimi naona mnunuzi ni yuleyule wa miaka ya 1970, anataka jambo la kumwonyesha mgeni, na bango ndilo lililopo sokoni.

Mwenye turubai la zamani chumbani, basi, aligeuze kabla ya kulitoa kwa mchuuzi. Nyuma huenda akakuta maandishi ya kinu cha unga yaliyofifia; mbele, kwenye kona ya chini, jina la mchoraji. Na asilioshe kwa sabuni.