Mvinyo wa Ugogo na Visiwa vya Kubuni

Treni ya Reli ya Kati ikishaiacha Dodoma na kushika njia ya magharibi hupita Bahi, nchi tambarare yenye mibuyu, miiba na mbuga kubwa ambayo masika huifanya ziwa na kiangazi huifanya vumbi. Ni Ugogo. Hapa mvua ni haba, na mtama na uwele ndio uhai wa watu. Mtama huohuo ndio ulioipa nchi hii kinywaji chake cha asili, pombe inywewayo kwa kibuyu katika matambiko, harusini, na baada ya majirani kusaidiana kulima. Misafara iliyotoka pwani ikielekea Unyanyembe ilikwisha kuijua, kama ilivyoujua ukali wa jua la Ugogo na uzito wa hongo. Richard Burton alipoikatisha nchi hii mwaka 1857, ilimbidi kulipa kwa nguo na shanga apate njia na maji, kama wapagazi na matajiri wa misafara walivyolipa kabla yake.

Mzabibu ni mgeni. Wamisionari wa Kikatoliki waliuleta Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, mwaka 1957, kwani altare haikosi divai. Aliyekuwa akiitazama ardhi ile ya mchanga na ukame angesema mche huo hautaishi mwaka. Uliishi, tena ukazaa kwa namna ambayo Ulaya haiijui. Huko mzabibu hulala usingizi wa majira ya baridi na kuvunwa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, basi mkulima huuamsha kwa kisu cha kupogolea, na kwa mwaka huvuna mara mbili. Kituo cha utafiti cha Makutupora, kaskazini ya mji, kimelipa jina lake zabibu jekundu la huko, na kando yake hupandwa Chenin Blanc na Syrah. Ni majina ya Kifaransa yaliyojifunza kuishi jirani na uwele.

Mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, zabibu nalo likapanda cheo. Likaja shirika la umma, DOWICO, kununua mavuno na kukamua mvinyo. Lakini shirika hilo lilidhoofu na kuanguka katika miaka ya 1990, na hapo ndipo pana jambo ambalo wasifu wa chupa haulisemi. Mtama wa mkulima ukikosa mnunuzi hukaa ghalani hadi mwaka wa pili, na ukikosa kabisa huliwa. Zabibu halikai. Likishaiva lina siku chache tu, na asiye na kiwanda wala baridi hulishuhudia likioza mkononi mwake, ilhali nguzo, nyaya, mbolea na vibarua vimekwisha kulipwa. Wapo walioing'oa mizabibu yao wakarudi kwenye nafaka. Mwanzoni mwa karne hii Waitaliano walianzisha kampuni ya CETAWICO huko Hombolo, wakafuata wakamuaji wengine, na mashamba yakapata pumzi tena. Bei, hata hivyo, ilibaki mikononi mwa mwenye pipa.

Upande wa pili wa dunia kuna kinywaji ambacho historia yake ni kinyume cha hii. Marekani ilipofuta marufuku ya pombe mwezi wa Disemba 1933, kijana mmoja, Ernest Gantt, alifungua baa ndogo Hollywood, akaipamba kwa mianzi na nyavu, akajiita Don the Beachcomber. Akachanganya ramu za Jamaika na Kuba, ndimu na viungo, akauita mchanganyiko mmojawapo Zombie. Mshindani wake, Victor Bergeron wa Oakland, mwaka 1944 akatunga Mai Tai, jina la Kitahiti. Visiwa vya Pasifiki havikuwa na ramu. Ramu ni mtoto wa miwa ya Karibi na jasho la watumwa. Wala tiki, sanamu takatifu ya watu wa huko, haikuchongwa ili iwe kikombe. Vilikuwa visiwa vya kubuni, vilivyojengwa California. Lakini ndani ya Zombie mlitiwa falernum, sharubati ya Barbados yenye karafuu, na miaka ile karafuu nyingi ya dunia ilitoka Unguja na Pemba. Kisiwa cha kweli kilikuwamo, hakikutajwa.

Don alikuwa bahili wa siri. Chupa zake ziliandikwa namba na herufi, hata watumishi wake wakachanganya wasichokijua. Baa zilipofifia, siri karibu izikwe naye. Waliozifukua ni wapenzi tu: Jeff Berry aliwatafuta wahudumu wazee, akafasiri daftari la mmoja wao lililoandikwa kwa mafumbo, na mwaka 2007 akaichapisha Zombie ya 1934. Mwenye kuthamini diwani zilizonusurika kwa mikono ya wanakili hawezi kuibeza kazi hiyo, hata kama yeye kileo hakigusi.

Mvinyo wa Dodoma una nchi ya kweli na haujapata wapenzi wa aina hiyo. Pombe ya mtama ya Bahi iko mbali zaidi. Mtama huloweshwa, huachwa uchipue uwe kimea, huanikwa, husagwa, hupikwa, kisha huachwa uchachuke. Na mama anayeipika hupima kwa kiganja, hujua kwa harufu, na husikiliza mtungini povu linavyosema. Binti yake husimama pembeni akitazama, siku hizi akiwa na daftari la shule kwapani, na ndani ya daftari hilo hamna neno hata moja la kazi ile.