Asumbi: Wakati ufaao kupanda nyasi za mapambo

VITABU vingi vya bustani vilivyoandikwa Ulaya humshauri msomaji apande nyasi za mapambo baada ya majira ya baridi, ardhi inapoanza kupata joto. Ushauri huo haumfai mkazi wa Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay. Asumbi iko karibu na Ikweta, na hakuna mwezi ambao baridi huzuia mizizi kukua. Kinachoamua ni mvua.

Misimu

Eneo hili lina misimu miwili ya mvua. Masika, ambayo Waluo huiita chwiri, huanza takriban mwezi Machi na kuendelea hadi Mei au mapema Juni. Vuli, yaani opon, hunyesha kati ya Septemba na mapema Desemba. Januari na Februari huwa na jua kali.

Wakati bora wa kupanda ni mwanzo wa masika. Hata hivyo, manyunyu ya kwanza yasimhadae mtu. Ni heri kusubiri hadi udongo ulowe kina cha shubiri moja, kisha mvua irudi tena. Shina lililopandwa mapema Aprili hupata wiki kadhaa za unyevu, na mizizi hushuka kabla ya ukavu wa katikati ya mwaka.

Vuli pia yafaa, mradi kazi ianze mapema. Anayepanda mwishoni mwa Novemba hukutwa na jua la Januari mizizi ingali juujuu, na hapo hana budi kumwagilia maji kila mara au apoteze miche aliyoinunua.

Aina na upandaji

Mchaichai hupendeza kando ya njia na majani yake hutiwa katika chai. Mafunjo, yameayo kando ya Ziwa Victoria, hufaa penye maji yaliyotuama. Vetiva, yenye asili ya Bara Hindi, ndiyo bora kwenye miteremko. Mizizi yake hushuka wima hadi mita 3 au zaidi na kushika udongo, na aina inayopandwa kwa kawaida haitoi mbegu zinazoota, hivyo haitapakai shambani.

Nyasi hizi hupandwa kwa kugawa shina kuukuu. Ling'olewe siku ya mawingu, ligawanywe kwa panga katika vipande vyenye mizizi, na majani yakatwe yabaki takriban sentimita 20 ili yasipoteze maji mengi. Kwa ua wa kuzuia mmomonyoko, vipande vya vetiva hupandwa kwa kukingama mteremko, kimoja umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwa kingine. Samadi iliyooza vizuri huchanganywa na udongo, na matandazo huwekwa juu.

Nyasi zilizokwisha kukomaa hupunguzwa mwishoni mwa Februari, ili mvua inaponyesha zichipue upya.

Tahadhari

Uzuri wa mmea usimpofushe mnunuzi. Gugumaji, lililovamia Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990 na kuwatatiza wavuvi wa Homa Bay, asili yake ni Amerika Kusini, na lilienezwa duniani kwa sababu ya maua yake. Anayetaka mbegu au miche kutoka nje ya nchi sharti kwanza apate kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea.

Aidha, nyasi ndefu za Hifadhi ya Kitaifa ya Ruma katika Bonde la Lambwe, ambako korongo hupata malisho, zisichimbwe. Kuondoa mimea katika hifadhi bila idhini ni kosa la jinai. Afadhali kuomba shina kwa jirani, kwani mmea uliokwisha kuzoea udongo na mvua za Asumbi hushika upesi.