Utamaduni tanzu na vipera vyake: kisa cha tiki

Wanasosholojia wanaposema subculture, wanazungumzia watu walio ndani ya jamii pana lakini wenye alama, msamiati na namna yao ya kutambuana. Wengi huandika "utamaduni mdogo". Mimi nachagua utamaduni tanzu, kama tusemavyo kampuni tanzu, maana hoja si udogo bali uhusiano na shina, na uhusiano huo hugeuka.

Tuwatazame wapenzi wa tiki nchini Marekani. Kwa Wamaori, Tiki ni mtu wa kwanza katika baadhi ya masimulizi yao, na pia ni sanamu ya kuchonga yenye umbo la binadamu. Marekani jina hilo lilikuja kuwa la mtindo wa baa. Marufuku ya pombe ilipoondolewa huko mwaka 1933, Ernest Gantt alianzisha Hollywood baa ya Don the Beachcomber, yenye sura ya visiwa vya Pasifiki; Victor Bergeron wa Oakland akafuata na Trader Vic's. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaisha, askari wakarudi na hadithi za Pasifiki, Hawaii ikawa jimbo mwaka 1959, na sanamu zikasimama hadi kwenye bustani za watu wa kawaida. Huo haukuwa utanzu hata kidogo. Ulikuwa mtindo wa wote.

Miaka ya 1970 mtindo ukachujuka na baa nyingi zikafungwa. Utanzu ulizaliwa baadaye, kwa wale waliookota vikombe vya kauri katika maduka ya mitumba na kusaka majengo yaliyosalia. Sven Kirsten aliwakusanyia ushahidi katika The Book of Tiki, mwaka 2000.

Utanzu ukazaa vipera, kama tusemavyo katika fasihi: wakusanyaji vikombe, wachongaji, wapenzi wa muziki wa mpiga piano Martin Denny, na wachunguzi wa vinywaji. Hawa wa mwisho nawaheshimu sana. Gantt alificha fomula zake kwa mafumbo hata wahudumu wake wasizijue. Jeff Berry, mmoja wa wachunguzi hao, alitumia miaka kuzifumbua kupitia wahudumu wazee na madaftari yao. Kazi hiyo ikawavuta wapenzi wa ramu ambao vikombe na sanamu haviwahusu.

Siku hizi, baada ya Wapolinesia kulalamika kwamba sanamu za wahenga wao zimefanywa pambo la ulevi, baadhi ya baa zimeacha jina la tiki na kujiita za kitropiki. Naona malalamiko hayo ni ya haki. Na baa hizo nisingeziita kipera: zimeiacha alama iliyowaunganisha wapenzi wa tiki, kwa hiyo ni utanzu mwingine.