Kura ya kijana wa Baiyun yafika wapi?

Jina la Baiyun si geni kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, kwani ndilo jina la uwanja wa ndege wa Guangzhou, kusini mwa China. Lakini Baiyun ni wilaya pia, na kijana wake akitimiza umri wa miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Je, kura hiyo hufika wapi?

Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1953 iliwaruhusu wananchi kuchagua moja kwa moja wajumbe wa ngazi za chini tu, kwa kunyoosha mikono au kwa kura ya siri. Sheria ya mwaka 1979 ilitaka kura iwe ya siri na wagombea wawe wengi kuliko viti, ikapanua uchaguzi huo hadi wilaya za mashambani. Mwaka 1980, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking, mjini Beijing, walifanya kampeni na midahalo ya wazi. Miaka miwili baadaye sheria ilirekebishwa, na kazi ya kuwatambulisha wagombea ikakabidhiwa kamati za uchaguzi.

Hivi leo wapiga kura 10 au zaidi wanaweza kumpendekeza mgombea, sawa na vyama na jumuiya, ingawa orodha ya mwisho hupitia kamati hizo. Kijana wa Baiyun huwachagua wajumbe wa bunge la umma la wilaya. Hao ndio wanaochagua wajumbe wa mji wa Guangzhou, wa mji huchagua wa mkoa wa Guangdong, na wa mkoa huchagua wajumbe wa bunge la taifa. Kura yake mwenyewe huishia wilayani.

Hata hapo, wengi hawafiki. Baiyun imejaa vijana waliotoka mikoa mingine kutafuta kazi viwandani. Mpiga kura huandikishwa kwao alikosajiliwa kama mkazi, na akitaka kupiga kura Baiyun hana budi kupata kwanza uthibitisho kutoka huko.

Jambo hilo wanalielewa vyema Wakenya waishio Guangzhou. Katiba yao ya mwaka 2010 inaahidi kura kwa raia walio ng'ambo, hatua kwa hatua. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2022, vituo vilifunguliwa katika nchi 12 nje ya Kenya. China haikuwamo.

Kwa hiyo, kumfundisha kijana namna ya kutia alama kwenye karatasi hakutoshi. Anapaswa pia kujua jina lake limeandikwa wapi, na kura yake inakomea ngazi gani.